Futeni Kutu, Jina Liacheni: Nova ya 1966 Haitaki Saluni

Wapenda ndinga wa mjini wana wiki ya tatu sasa hawalali, na safari hii ugomvi siyo wa Crown na Subaru. Kilichowagombanisha ni Chevrolet Nova ya mwaka 1966, gari la Kimarekani ambalo wengi wao hawajawahi hata kuligusa. Limevutwa kutoka chini ya mti nyuma ya nyumba moja huko Ohio. Matairi yote manne yameoza. Kiti cha dereva kimegeuka nyumba ya panya. Pale mbele bampa lilipotakiwa kuwa, mche umeota na kufika kimo cha mtoto wa darasa la pili.

Mwenye gari ni mama wa makamo, muuguzi, jina kapuni. Lilikuwa la marehemu baba yake, Mmarekani mweusi aliyeshindana nalo kwenye mbio za dragi mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwenye milango yote miwili bado lipo jina la mzee, limeandikwa kwa mkono kwa rangi ya dhahabu ambayo sasa imefifia ikawa kama chai ya maziwa, na chini yake lipo jina alilolipa gari lake. Anayemsaidia mama kulifufua ni kijana wa Mwanza anayeishi Columbus, fundi bodi aliyejifunzia kazi gereji na siyo chuoni, na huyo ndiye anayerusha klipu kwa Kiswahili. Ndivyo kutu ya Ohio ilivyofika Kinondoni.

Mambo yangeishia kwenye laiki na emoji za moto kama asingeibuka tajiri.

Huyu naye jina kapuni, ila anayefuatilia magari ya zamani ameshamjua. Saa kubwa mkononi, gereji yenye sakafu inayong'aa kuliko sahani za harusi, na ndinga kibao zimefunikwa mashuka meupe kama maiti. Akatoa ofa ambayo kwa muuguzi ni kumaliza mkopo wa nyumba na chenji ikabaki. Mpango wake akautangaza hadharani: gari litapigwa msasa mpaka bati lionekane, lirudishiwe rangi ya kiwandani, viti, redio, hita, mabampa, kila kitu kama siku lilipotoka kwa Chevrolet. Mama akamjibu kwa adabu kabisa kwamba haliuzi. Akasema litarudi kwenye mbio, na litarudi na jina la baba yake mlangoni.

Basi. Povu likaanza hapo. Mama kaitwa mshamba, kaitwa hajui hela, kaambiwa anakumbatia bati bovu wakati watu wanamletea utajiri hadi mlangoni. Na wanaotukana kwa sauti kubwa zaidi ni vijana wa hapa hapa, Team Tajiri, watu wanaosubiri basi la mwendokasi Kimara huku wakimtetea bilionea wa watu kwa bando la kukopa.

Wanachoshindwa kuelewa ni kitu kimoja. Tajiri anataka kulifuta hilo gari kisha aweke jingine mahali pake, na jina zuri alilolipa hiyo kazi ni "kurudisha uorijino". Kuokoa hakumo humo.

Hilo neno orijino ndilo la kuanzia, maana linatembezwa kama hati ya kiwanja. Nova ilizaliwa kama gari dogo la familia, la kupeleka watoto shule na kubebea mboga. Kabla yake, mwaka 1964, Pontiac walikuwa wamechukua injini kubwa ya inchi za ujazo 389 wakaichomeka kwenye gari la saizi ya kati, wakaliita GTO, na wengi huhesabu hapo ndipo enzi za magari ya misuli zilipoanza. Formula yenyewe ilikuwa rahisi mpaka inachekesha: chukua bodi jepesi, tia injini ya mbabe, uza bei ya kijana mwenye kazi. Mwaka 1966 Nova ikapata zamu yake. Mteja aliyejua cha kuagiza alipewa injini ya inchi 327 iliyoitwa kwa msimbo L79, lita 5.4 hivi, nguvu farasi 350, ndani ya gari lililokuwa na sura ya mwalimu wa Sunday school.

Nani alikuwa anaagiza kitu hicho? Mtu wa mbio. Bill Jenkins, yule aliyeitwa Grumpy, alishika Chevy II ya aina hiyo hiyo mwaka huo huo akaenda kusumbuana na Plymouth zenye Hemi ya inchi 426. Injini ndogo dhidi ya dude. Watu wa Chevrolet wanaisimulia mpaka leo kama watu wa Simba na Yanga wanavyosimulia mechi za zamani.

Na sasa sikilizeni mtu wa mbio alifanya nini akishalinunua. Kitu cha kwanza alikuwa anatoa redio. Anafuata hita, kiti cha nyuma, mabampa, mazulia, kila chenye uzito ambacho hakisaidii gari kwenda mbele. Dragi ni robo maili, mita 402, magari mawili, moja kwa moja, anayefika kwanza ndiye mwenyewe. Hakuna kona. Kilo kumi zinaonekana kwenye saa. Halafu anachukua mkasi wa bati anakata matao ya nyuma ili tairi pana zienee, zile laini zisizo na kashata. Huku kwetu trafiki akikukuta na tairi kipara unalipa faini. Kule kipara ndiyo silaha, kwa sababu mpira wote unalala kwenye lami badala ya kukatwakatwa na mifereji. Unazizungusha kwanza kwenye maji mpaka zitoe moshi, zinapata joto, zinanata. Ukiachia klachi, uzito wa gari unarudi nyuma na kuzikandamiza, pua inanyanyuka. Ndiyo maana magari ya enzi hizo mengi yaliinuliwa mbele kama yamesimama vidole. Wajuaji wanaocheka kwamba Nova ya mama "imekaa vibaya" wangeuliza kwanza.

Kwa hiyo tajiri anataka kulirudishia redio gari ambalo mwenyewe aliling'oa redio ili ashinde. Anataka kuziba matao ambayo mzee aliyakata kwa mkono wake. Anataka kulivalisha mabampa. Uorijino huo ni wa siku ngapi? Mzee alilichukua dukani, na kwa maelezo ya binti yake, halikumaliza mwezi kabla ya kuanza kufumuliwa. Miaka aliyoshindana nalo ni minne. Tajiri anachagua zile wiki chache ambazo gari halikuwa limefanya chochote anasema huo ndio ukweli wake, na ile miaka minne iliyolifanya lijulikane anaiita uchafu.

Na hata hicho kiwanda kinachoabudiwa hakikuwa na aibu ya mbio. Mwaka 1968 Dodge walitoa Dart yenye Hemi ya 426 iliyotengenezwa kwa ajili ya dragi tu. Haikuja na waranti. Vioo vya milango vilipandishwa kwa mkanda, maana mashine ya kupandishia iliondolewa kupunguza uzito. Madigadi ya mbele na boneti yalikuwa ya faibaglasi. Na bodi lilikabidhiwa na rangi ya msingi tu, ile ya kijivu, mnunuzi akamalizie mwenyewe kwa rangi anayotaka na jina analotaka. Sasa hiyo ukiirudisha "kiwandani" unairudisha kijivu, bila jina, kama haijawahi kuwa na mtu. Kuna watu wangelipa pesa nyingi kwa kijivu hicho. Mtu anapiga makofi mbele ya sahani tupu, chakula kimemwagwa nje.

Turudi mlangoni, maana hapo ndipo kesi yenyewe ilipo.

Team Tajiri wanasema yale maandishi ni graffiti. Hapana. Yalikuwa ofisi ya mzee. Miaka ile pesa ya dragi kwa mtu asiye na kampuni nyuma yake ilitoka sana kwenye mbio za mwaliko: mwenye uwanja anawaita watu wawili wenye majina, anawalipa kufika, anabandika matangazo mjini, watu wanajaa kuona nani atamtoa nani, mara nyingi wanakimbizana raundi tatu. Watu walilipa kiingilio kwa sababu ya jina. Gari lisilo na jina mlangoni lilikuwa gari tu. Ndiyo maana alitafutwa mwandishi wa mabango, fundi wa brashi, siyo kijana na kopo la rangi ya kupuliza. Jina hilo lilikuwa mkataba, bango la tangazo na kitambulisho kwa pamoja.

Kwa dereva mweusi wa miaka ya 1960 lilikuwa na zaidi ya hapo. Kuna timu moja ya mwanzoni mwa miaka hiyo, Stone, Woods na Cook, iliyotikisa Marekani na Willys za mwaka 1941. Fred Stone na Tim Woods, wenye gari na wenye pesa, walikuwa weusi. Doug Cook, dereva, alikuwa mzungu. Majina yote matatu yaliandikwa ubavuni mwa gari, makubwa, wakati Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilikuwa bado haijapitishwa na kuna migahawa ambayo watatu hao wasingekaa meza moja. Kuna Malcolm Durham, mweusi aliyekuwa na makao yake eneo la Washington, aliyepiga mbio na Chevrolet alizoziita Strip Blazer mpaka watu wakamjua kwa gari na gari kwa yeye. Hao wana bahati, wameandikwa. Nyuma yao kulikuwa na wanaume wengi wa miji midogo waliofanya kazi kiwandani wiki nzima, Jumamosi wakafungasha vifaa wakaenda kushindana, na hakuna gazeti lililowapiga picha. Mzee wa Nova ni mmoja wao. Binti yake ana picha nne, tatu hazionekani vizuri. Kombe moja. Risiti za spea. Na milango miwili.

Piga msasa milango hiyo, umebakiza nini cha kuonyesha kwamba mtu huyo alikuwepo?

Kuna mdau mmoja, mstaarabu kuliko wenzake, aliuliza swali la maana: kama jina ni muhimu, si tajiri apige picha kabla ya msasa kisha aliandike upya? Swali zuri, jibu ni fupi. Tajiri hakusema ataliandika upya. Aliulizwa na mashabiki wake mwenyewe, akajibu kwamba maandishi "yanashusha daraja la gari". Yaani kwenye vigezo vyake mzee ni dosari. Amewekwa fungu moja na kutu na kinyesi cha panya.

Na hivyo vigezo havikushuka kutoka mbinguni, vina wanaofaidika navyo. Soko la magari haya linaabudu kitu kinaitwa namba zinazolingana: zile zilizogongwa kwenye injini na giaboksi zikienda sawa na za bodi, bei inaruka. Ikiwa injini siyo ile ya mwanzo, bei inalala. Fikiria hapo kidogo. Injini ya gari la mbio ina maisha ya kuku wa sikukuu. Inapasuka, inatolewa, inawekwa nyingine Jumatano ili Jumamosi mtu awe uwanjani. Nova ya mama ina injini yake ya tatu. Sasa gari lililoishi maisha yake sawasawa linapewa alama za chini, na lile lililonunuliwa na mtu mwenye injini ya mbabe akawa anaendea kanisani linapewa taji. Mfumo huo unamlipa aliyeogopa. Halafu watu wanauimba bila kujua umetungwa na nani.

Hata kwa hesabu ya hela tupu, Team Tajiri wamekosea. Ile Mustang ya mwaka 1968 aliyoendesha Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt ilikaa na familia moja tangu 1974. Waliinunua kwa dola kama 6,000, wakaitumia kama gari la nyumbani, klachi ikafa, ikakaa ndani miaka na miaka. Ilipotoka haikupelekwa saluni. Rangi imechoka, kutu ipo, matundu ya vifaa vya kamera vya filamu yapo. Januari 2020 ikauzwa mnadani Florida kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada. Ingepigwa msasa ikapakwa kijani kipya kinachong'aa, ingekuwa Mustang nyingine nzuri kati ya Mustang nzuri nyingi. Ni kweli mzee wa Ohio hakuwa Steve McQueen na Nova yake haitafika hata mlangoni kwa bei hiyo. Lakini msiseme tena kwamba alama za maisha hazina thamani. Zina thamani sana pale mwenye alama akiwa mtu mnayemjua.

Tuwe wakweli pia. Mama angechukua hela asingekuwa na kosa lolote. Muuguzi anafanya kazi usiku, nyumba ina mkopo, na hakuna anayekula milango. Mtu akiuza cha baba yake ili watoto wasome, midomo ifungwe. Shida haikuwa ofa. Shida ni watu wazima na akili zao kumtukana mwanamke kwa sababu amesema hapana kwa kitu chake mwenyewe, kana kwamba tajiri akinyoosha mkono lazima upokelewe.

Na kuna kundi la pili linalotakiwa kusemwa, hawa wanaojifanya watetezi wa mama. Wao wamevuka upande wa pili. Wanataka gari likimbie lilivyokuwa 1969 bila kubadilisha hata boliti: mkanda ule ule wa kiunoni, nyumba ya klachi ile ile ya aluminiamu, eti ndiyo "heshima kwa mzee". Hiyo siyo heshima, ni kumtafutia binti kifo. Klachi na gurudumu lake zikipasuka kwenye mizunguko elfu saba, vipande vinatoka kama risasi, na miguu ya dereva iko hapo hapo. Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions kule California, giaboksi la Don Garlits lililipuka kwenye mstari wa kuanzia, likakata gari vipande viwili na kuondoka na sehemu ya mguu wake wa kulia. Huyo alikuwa mkubwa wa wakubwa, na baada ya hapo akarudi na gari lenye injini nyuma ya dereva, mchezo ukabadilika moja kwa moja. Mzee wa Nova angekuwa na hela ya ngao ya chuma ya klachi angeinunua. Alikosa hela, hakukosa akili.

Kijana wa Mwanza kwenye hilo hana mchezo. Klipu yake ya juzi alieleza vizuri kuliko wajuaji wote. Lengo lao ni sekunde kumi na mbili na kitu. Kwa kanuni za NHRA, chama kilichoanzishwa 1951 na Wally Parks na ambacho ndicho kinachoshika usukani wa dragi Marekani, gari la tairi kipara likienda chini ya sekunde 14 propela lazima izungushiwe kitanzi cha chuma. Ikikatika mbele bila kitanzi inachoma lami na kulipindua gari kama mtu aliyekwazwa na fimbo. Helmeti lazima. Wakifika 11.49 au chini ya hapo lazima waweke chuma cha kulinda kichwa gari likipinduka, kwa hiyo wameamua kukiweka tangu sasa, kimefungwa sakafuni bila kugusa mlango. Mikanda mipya. Ngao mpya ya klachi. Bomba za breki zote mpya, tenki la mafuta jipya. Yaani kila kinachoshikilia uhai ni kipya, kila kinachoshikilia kumbukumbu ni cha zamani. Hiyo ndiyo mistari ya kuchora, na wameichora vizuri.

Sakafu ndiyo iliyowatesa. Maji ya miaka yalikaa chini ya zulia la mpira yakala bati mpaka fundi akapitisha mkono akaiona ardhi. Nova haina chasisi kamili ya chini kama pikapu, bodi lenyewe ndilo linalobeba, kwa hiyo sakafu ikioza gari limeoza mgongo. Amekata, amechomelea bati jipya kipande kwa kipande, akipima milango kila mara isije ikagoma kufunga. Hakuna puti. Hapa mafundi wetu wengi wangekunja sura, maana kuna gereji mjini zinajenga nusu ya gari kwa puti, zinapiga rangi, gari linang'aa kwenye picha ya kuuzia, mvua ya kwanza linamenyuka kama mihogo ya kuchemsha. Wanaoshangilia mng'ao wangekumbuka wangapi walilizwa na mng'ao.

Injini nayo ilikuwa imekwama. Hawakuipiga stata, ambalo ndilo kosa la kila mtu mwenye papara. Walitoa plagi, wakamwaga mafuta ya kulainisha kwenye kila silinda, wakaiacha siku nyingi, kisha wakaizungusha kwa mkono na spana ndefu, kidogo kidogo. Siku ilipokubali kusogea, kwenye klipu inasikika sauti ya kijana tu: "Mama, imeamka." Mama hakujibu. Alikuwa ameshika mlango.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki haya yasingekuwa mageni kiasi hicho. Tangu 2003 kuna mashindano ya Safari Classic, ambapo magari ya zamani, Porsche 911, Ford Escort, Datsun 240Z, yanapelekwa kwenye vumbi na mawe ya Kenya, na safari nyingine mpaka Tanzania, yanapigwa kweli kweli. Yanarudi na michubuko, yanatengenezwa, yanarudi tena. Hakuna anayepiga kelele kwamba yaoshwe yakawekwe kwenye kioo. Na kuhusu maandishi, watu ambao wamekua wakisoma daladala kwa nyuma, wakijua dereva ni nani kwa msemo ulioandikwa kwa brashi juu ya kioo, ndio leo wanasema jina kwenye gari ni ushamba? Wale waandishi wengi wameachishwa kazi na stika za kompyuta. Zikipatikana daladala mbili tatu zenye kazi ya mikono yao miaka hamsini ijayo, atakuja tajiri fulani kuzipiga msasa zirudi kuwa Toyota Hiace nyeupe kutoka Japani, na wajukuu wa Team Tajiri watampigia makofi.

Tajiri mwenyewe hajanyamaza. Wiki iliyopita alirusha video mbele ya Chevelle yake ya 1970, mwaka ambao Chevrolet waliweka mtambo wa inchi 454 wenye farasi 450, kilele cha kilele kabla sheria za moshi, bei za bima na shida ya mafuta ya 1973 hazijaua sherehe. Gari zuri, hakuna ubishi. Odomita yake inasoma maili chache sana na yeye anajisifu kwa hilo. Ameeleza kwa dakika tisa boliti ipi ina alama ya kiwanda gani. Kwa dakika hizo tisa injini haikuwashwa. Mwisho akatupa kijembe kwamba "wengine" wanachezea historia. Watu wake wakajaa chini na emoji za taji.

Huko Ohio kazi imefika kwenye milango, na sasa kuna ubishi mwingine, huu wa ndani, kati ya watu wanaopendana. Kwenye mlango wa kushoto kutu imekula herufi mbili za mwisho za jina la mzee. Bati la chini limeoza, lazima likatwe, kipande kipya kichomelewe. Kijana anataka herufi zirudishwe. Ameshamtafuta mwandishi wa mabango, mzee anayeshika brashi mpaka leo, na amemwonyesha picha ya mlango wa kulia ambao umesalimika ili afuatishe mkono ule ule. Mama hataki. Anasema kipande kipya kiachwe kitupu, kipakwe rangi ya kuzuia kutu tu, jina liishie pale lilipoishia.

Mama yuko sahihi, na kijana pamoja na ufundi wake wote akubali yaishe. Herufi mpya zikiandikwa vizuri sana, miaka kumi mbele hakuna atakayejua zipi ni za mzee na zipi za kuongezewa, na kuanzia hapo mtu yeyote anaweza kusema zote ni za jana. Upande wa kulia jina lipo zima. Anayetaka kulisoma azunguke gari.

Kwa sasa milango imelala juu ya meza mbili, imefunikwa blanketi. Kipande cha bati kimeshakatwa kwa kipimo. Kabureta iko mezani, difu bado haijafunguliwa, na fundi anasema kuna harufu ya mafuta yaliyoungua humo ndani isiyompendeza. Uwanja unafunguliwa baada ya baridi kuisha.